Ripoti ya hatari kwa jaribio la kwenda angani: mwongozo kamili kwa wanaorudishiwa karatasi

Ripoti nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Goma zinaanza hivi: "Hatari: betri. Udhibiti: betri italindwa vizuri." Zinarudishwa. Zinaandikwa upya kwa mwandiko mzuri zaidi, zinarudishwa tena. Vijana wanaozileta si wavivu. Sanduku lao linafanya kazi, taa zinawaka, maharage yameota. Kinachowaangusha ni karatasi.

Mwongozo huu ni wa karatasi hiyo. Kila jaribio linalopanda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga lazima liwe na ripoti ya hatari iliyopitishwa na jopo la usalama, kabla ya wanaanga kukubali kukaa nalo chumba kimoja. Mfano nitakaoutumia ni sanduku la mazoezi ambalo vikundi vyetu hulitengeneza: upana sentimita 20 kila upande, pamba yenye maji, mbegu za maharage, taa ndogo, feni moja na betri moja ya lithiamu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kushika kalamu

- Mchoro wa sanduku wenye vipimo vyote, pamoja na njia ya kila waya.
- Orodha ya kila kitu kilichomo, hadi gundi. Ukiandika "plastiki" utaulizwa plastiki gani, kwa sababu nyingine huwaka haraka na nyingine hutoa moshi wa sumu.
- Karatasi ya mtengenezaji wa betri. Betri iliyonunuliwa sokoni Birere bila karatasi inafaa kwa mazoezi ya mezani. Haifai kuruka.
- Mizani, kipimajoto, rula na simu yenye kamera.
- Daftari lenye kurasa zilizopigwa namba, ili ukurasa ukichanwa ijulikane.
- Mtu mmoja asiyelipenda jaribio lako. Huyu ni muhimu kuliko mizani.

## Hatua ya 1: Jua unaomba cheti cha nini

Wengi hukwama hapa kwa kuchanganya vyeti vitatu.

Cha kwanza ni cha chombo chenyewe kubeba watu. NASA, shirika la anga la Marekani, ilikipa chombo cha Crew Dragon cheti hicho Novemba 2020, na moja ya masharti ya mpango huo ilikuwa kwamba uwezekano wa kuwapoteza wanaanga usizidi 1 kati ya 270 kwa safari ya siku 210. Hesabu hiyo si kazi yako.

Cha pili watu hudhani kipo, kumbe hakipo: abiria anayelipa kupanda roketi ya kibinafsi Marekani hapandi chombo kilichothibitishwa na serikali kuwa ni salama kwake. Sheria ya mwaka 2004 inataka aambiwe hivyo kwa maandishi, kisha atie sahihi. Serikali inamlinda aliye chini, asiangukiwe.

Cha tatu ndicho chako: kwamba sanduku hili halitamdhuru mwanaanga wala kituo. Jopo la usalama halijali kama maharage yataota. Ukijaza kurasa tatu kueleza faida ya jaribio kwa kilimo cha Kivu, umelichosha jopo bure.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: nani anaweza kuumia, na kwa kitu gani changu.

## Hatua ya 2: Andika hatari kama tukio

Betri si hatari. Betri ni kitu. Kisu kilicho kabatini nacho ni kitu. Hatari ni tukio lenye mwanzo na mwisho, na mwishoni yupo mtu.

Vibaya: "Hatari: betri ya lithiamu."

Vizuri: "Betri inapata joto kupita kiasi, inapasuka, moshi wa sumu unaingia kwenye hewa ya chumba, mwanaanga anaivuta."

Sentensi ya pili ina milango minne, na kila mlango unaweza kufungwa. Ya kwanza haina hata mmoja.

Jihadhari pia na kitenzi cha kutendwa. Kiswahili kinatupa "italindwa", "itahakikishwa", "itazuiwa", na mtendaji anatoweka kabisa. Italindwa na nani? Kwa kitu gani? Kila unapoona umeandika hivyo, mtafute mtendaji umrudishe: "fyuzi inakata umeme", "kifuniko kinazuia kidole". Ninawashauri vijana waandike rasimu ya kwanza kwa Kiswahili kabla ya kwenda kwenye Kiingereza cha jopo, kwa sababu katika lugha ya mama shimo linaonekana mapema.

## Hatua ya 3: Vua uzito

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na sisi wa Goma hatuna kisingizio, kwa maana tuna mazuku.

Kila mtu wa Mugunga, Bulengo au upande wa Lac Vert anajua mazuku ni nini. Gesi ya ukaa inatoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inatulia mashimoni na mabondeni. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, mbuzi anashuka kula majani na hapandi tena. Mtu aliyesimama anaweza kupona mahali ambapo mtoto aliyeinama anaanguka. Kinga tunayoijua ni kutoshuka shimoni.

Sasa peleka gesi hiyohiyo kwenye kituo cha anga. Kule hakuna kizito wala chepesi. Pumzi ya moto haipandi, gesi ya ukaa haishuki. Mwanaanga akilala mahali ambapo feni hazifikishi upepo, pumzi anayoitoa inabaki usoni pake kama wingu, naye anaivuta tena. Ataamka na kichwa kinachomuuma, au hali ikiwa mbaya zaidi, hataamka vizuri. Mazuku ya angani hayana shimo. Yanamfuata mtu puani.

Gesi ni ileile, madhara ni yaleyale, lakini chanzo kimegeuka, na kinga ya nyumbani haifai. Kwa hiyo chukua orodha yako ya vitu na kwa kila kimoja uliza: hapa duniani uzito unanisaidia nini bila mimi kujua?

Kioo kikivunjika nyumbani Himbi, vipande vinaanguka sakafuni na unaleta ufagio. Kule vinaelea hadi machoni na mapafuni. Maji yakivuja kwenye pamba hayadondoki. Yanakuwa tone kubwa linalotambaa juu ya kitu chochote linachokigusa, pamoja na waya. Taa iliyokuwa ikipoa kwa sababu hewa moto hupanda, sasa haipoi, na kitu kinachoguswa kwa mkono mtupu hakitakiwi kuzidi nyuzi 45 za Selsiasi.

Usisahau sanduku lenyewe. Likifungwa mbele ya tundu la kupitishia hewa ya chumba, wewe ndiye uliyetengeneza mazuku. Hatari hiyo sijaiona kwenye ripoti yoyote ya mara ya kwanza.

Utajua umefaulu orodha yako ikiwa na angalau hatari mbili ambazo zisingekuwepo sanduku likibaki mezani Goma.

## Hatua ya 4: Pima madhara kabla ya kinga

Kuna ngazi mbili za kukuhusu. Maafa: mtu anakufa au anapata kilema cha kudumu, au kituo kinapotea. Hatari kubwa: mtu anaumia bila kilema, au kifaa muhimu kinaharibika.

Kosa la kila siku ni hili: "Betri inaweza kuwaka, lakini tumeweka fyuzi, basi si maafa." Hapana. Madhara yanapimwa kana kwamba fyuzi haipo. Ukipima baada ya kinga, kila kitu duniani kitakuwa kidogo, na utajiruhusu kuweka kinga moja pale panapotakiwa tatu.

## Hatua ya 5: Tafuta vyanzo mpaka uchoke, kisha tafuta kimoja zaidi

Kila hatari ina vyanzo kadhaa, na kila chanzo kinataka mstari wake. Kwa betri yetu: waya kukwaruzwa na ukingo wa bati, kuchajiwa kupita kiasi, joto la taa lililo karibu, kasoro iliyofichika ndani ya betri yenyewe tangu kiwandani. Hiki cha mwisho fyuzi haikioni kabisa, kwa kuwa umeme unapita ndani kwa ndani. Kinadhibitiwa kwa kuchagua betri zenye rekodi, kuzipima moja moja kwa mtikisiko na ombwe (mahali pasipo hewa), na kutupa zile zinazoyumba.

Halafu kuna chanzo ambacho ni cha kwetu: hewa ya Goma.

Mji wetu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa inasukuma kwa takriban kilopaskali 85 (kilopaskali ni kipimo cha msukumo wa hewa). Ndani ya kituo cha anga ni takriban 101, kama pwani. Ukifunga sanduku hapa na kuziba kila mwanya, umefungia ndani hewa ya Goma. Likifika juu, kila upande wenye sentimita 20 kwa 20 unasukumwa kwa ndani na nguvu inayolingana na uzito wa kilo 65 hivi. Ni kama mtu mzima amesimama juu ya kifuniko chako cha plastiki.

Tufanye mbaya zaidi: chumba kinapoteza hewa. Sasa nje ni sifuri na ndani ni 85. Kila upande unasukumwa kwa nje kwa takriban kilo 345. Hiyo ni chukudu iliyosheheni, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na imesimama juu ya skrubu nne ndogo.

Dawa ni rahisi mpaka inaudhi: usizibe. Toboa tundu la kupumulia, liwekee kitambaa cha kuchuja kinachozuia maji na vumbi, kisha onyesha kwa hesabu kwamba hewa inatoka haraka vya kutosha. Kikundi kimoja kilikuwa kimeziba kila pembe kwa silikoni, tena kwa fahari. Walipofanya hesabu hii ubaoni, msichana aliyeziba pembe zile alicheka peke yake, akaenda kutafuta msumari.

## Hatua ya 6: Hesabu kinga, kisha uliza kama ni ndugu

Kanuni ni hii. Kwa hatari kubwa, kitu kimoja kikiharibika au mtu akikosea mara moja, pasitokee madhara. Kwa hiyo kinga mbili. Kwa maafa, mambo mawili yakiharibika, yoyote yale, pasitokee madhara. Kwa hiyo kinga tatu.

Kuhesabu hadi tatu ni kazi ya mtoto. Kazi yenyewe ni kuthibitisha kwamba hizo tatu hazitegemeani.

Tumia chukudu. Mzee mmoja anayeshusha viazi kutoka Kibumba alinionyesha breki yake: kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, anakikanyaga. Nikamwuliza, na kikikatika? Akasema anakandamiza gurudumu lilelile kwa kisigino. Kwenye karatasi hizo ni breki mbili. "Lakini mvua ikinyesha, Mwalimu," akasema, "zote mbili zinalala." Gurudumu lile likilowa, au likichomoka, breki mbili zinaondoka pamoja. Kwa jopo la usalama chukudu ile ina breki moja.

Wakubwa nao waliangukia hapo. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilikuwa na pete mbili za mpira kwenye kila kiungo cha roketi zake za pembeni: ya kwanza ikishindwa, ya pili ikamate. Tarehe 28 Januari 1986 kulikuwa na baridi ya karibu nyuzi 2, mpira ukakakamaa, na kiungo kilipofunguka kidogo kwa nguvu ya mwako, hakuna pete iliyowahi kuziba. Baridi haikuchagua pete. Watu 7 walikufa. Kinachouma zaidi ni kwamba tangu mwishoni mwa 1982 karatasi rasmi zilikuwa zimekwisha kukiri kuwa pete ya pili haihesabiki kuwa akiba, na safari zikaendelea kwa kibali maalumu.

Kwenye sanduku letu, undugu wa kinga hujificha hapa:

- Fyuzi, saketi ya kulinda na swichi ya joto zimelehemiwa kwenye kibao kimoja. Kibao kikilowa, zote tatu zimelowa.
- Fyuzi iko sentimita 10 kutoka kwenye betri. Hizo sentimita 10 za waya hazina mlinzi. Isogeze hadi kwenye ncha ya betri.
- Kinga mbili kati ya tatu zinamtegemea mwanaanga kusoma kibandiko. Mtu mmoja aliyechoka ni hitilafu moja.

Vipo vitu ambavyo havihesabiwi hivi. Huwezi kuweka kuta tatu za sanduku. Kwa kuta, skrubu na vyombo vya shinikizo, jopo linataka akiba ya nguvu: uonyeshe kwamba kitu kinabeba zaidi ya mzigo mkubwa kabisa utakaokipata, na kwa kiasi gani. Ukijaribu kuhesabu kinga tatu za skrubu, utapoteza wiki.

Utajua umefaulu ukiweza kuchagua tukio lolote moja (maji, baridi, mtikisiko, mtu mmoja kukosea) na kuonyesha kinga zinazobaki zimesimama.

## Hatua ya 7: Uthibitisho, mahali ambapo ripoti hufa

Kila kinga inadai uthibitisho, na njia ziko nne: kujaribu, kukokotoa, kukagua kwa macho na kuonyesha kikifanya kazi. Andika njia, namba ya kufaulu, nani alifanya, tarehe gani, na karatasi ya ushahidi iko wapi.

Huu ni mstari uliokamilika, unaweza kuuiga:

Chanzo: Waya chanya unakwaruzwa na ukingo wa bati na kuligusa.
Kinga 1: Fyuzi ya ampea 1 kwenye ncha chanya ya betri, kabla ya waya wowote.
Uthibitisho: Jaribio. Waya uliunganishwa moja kwa moja mara 3 kwenye sanduku la majaribio, kila mara kwa fyuzi mpya. Kufaulu: fyuzi ikate kabla ngozi ya betri haijafika nyuzi 45. Daftari uk. 31, picha 3.
Kinga 2: Kingo zote za bati zimefunikwa kwa mpira uliobanwa kwa skrubu.
Uthibitisho: Ukaguzi wa macho na wa kitambaa cha pamba kilichopitishwa kwenye kingo zote. Kufaulu: uzi usinase popote. Daftari uk. 33.

Kinga ya tatu nakuachia.

Onyo la kwanza. Usiunganishe waya za betri ya lithiamu moja kwa moja ndani ya nyumba. Fanya nje, juu ya mawe, mbali na watoto, ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Wanaanga watatu wa Apollo 1 walikufa kwa moto tarehe 27 Januari 1967 wakiwa ardhini, katika zoezi ambalo halikuhesabiwa kuwa la hatari kwa sababu roketi haikuwa na mafuta. Chumba chao kilikuwa kimejaa oksijeni tupu.

Onyo la pili. Usithibitishe maelezo unayoyapenda. Tarehe 9 Julai 2013 maji yalikutwa ndani ya helmeti ya mwanaanga Luca Parmitano baada ya kutembea nje ya kituo. Ilionekana yametoka kwenye mfuko wake wa maji ya kunywa. Maelezo yalikuwa rahisi, yakakubalika. Tarehe 16 alitoka tena na helmeti ikajaa takriban lita moja na nusu, yakimfunika macho na pua. Alirudi mlangoni akipapasa. Maji yalikuwa yanatoka kwenye mfumo wa kupoza vazi. Yule mtu asiyelipenda jaribio lako, hapa ndipo unamwita: mpe ripoti, umwambie atafute sababu ya pili ya kila jibu.

Utajua umefaulu mgeni akiweza kushika daftari lako, arudie jaribio bila kukuuliza neno, na apate namba ileile.

## Hatua ya 8: Mbele ya jopo

Jopo halikai mara moja. Mapitio yana awamu: 0 wakati jaribio bado ni wazo, I kukiwa na mchoro wa awali, II mchoro ukiwa umekamilika, III kifaa kikiwa kimejengwa na vithibitisho vimefanyika. Kwa majaribio madogo awamu za mwanzo mara nyingi huunganishwa.

Awamu ya I lete hatari na vyanzo. Awamu ya II lete kinga zote na jinsi utakavyozithibitisha. Awamu ya III lete ushahidi. Wanaoanguka ni wale wanaojenga kwanza na kwenda awamu ya I na sanduku lililokwisha kupakwa rangi. Wakiambiwa wasogeze fyuzi, inabidi wavunje.

Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui na utaje siku utakayoleta jibu. Uthibitisho uliobaki wazi huandikwa kwenye daftari la ufuatiliaji, wenye jina la mhusika, na haufungwi kwa mdomo.

## Hatua ya 9: Baada ya sahihi

Cheti kinalihusu sanduku lililochorwa na kupimwa, hilohilo. Feni ikikufa wiki moja kabla ya kusafirisha nawe ukanunua nyingine inayofanana, sanduku hilo si lile tena. Feni mpya inaweza kuvuta umeme zaidi, kuwa na plastiki nyingine, au ncha za mabawa zisizotosha kwenye kifuniko. Rudi kwenye orodha ya vitu, badilisha mstari wa feni, fuata kila hatari inayoitaja, rudia vithibitisho hivyo tu, kisha liandikie jopo kabla ya kufunga skrubu. Feni ya zamani usiitupe. Itie kwenye mfuko, uandike tarehe, uiweke pamoja na daftari. Swali la kwanza la jopo litakuwa kwa nini ilikufa.